Kanali, Daraja Limekatika

Mwalimu Zunilda hakuwapanga kwa nia mbaya. Alifungua daftari la mahudhurio, akateremsha kalamu juu ya majina, na kwa kuwa Ocampos hufuatwa na Ortellado, akasema, "Yanina Ocampos na Derlis Ortellado, mtafanya pamoja."

Darasa zima likageuka kuwatazama. Villarrica si mji mkubwa, na pale chuo cha ualimu hakuna aliyekuwa hajui kwamba watu wa koo hizo mbili hawasalimiani. Baba yake Yanina, Don Eulogio, akitaka mkate wa asubuhi alipanda baiskeli akavuka mji mzima, wakati duka la mikate la akina Ortellado lilikuwa nyuma ya ua wake na harufu yake ikimwingilia dirishani kila alfajiri.

"Mwalimu," Yanina akasema, "huwezi kuanza kupanga kutoka mwisho?"

"Nikianza kutoka mwisho bado mnafuatana. Kaa chini." Mwalimu akafunga daftari. "Kila wawili mchague filamu moja ya kihistoria. Mnieleze ndani yake nini kilitokea kweli, nini kimetungwa, na kwa nini kimetungwa. Jina la filamu nalitaka Ijumaa kabla ya kengele ya mchana. Na nisiletewe malkia yuleyule na nusu ya darasa."

Derlis alikuwa amekaa dirishani. Aliinua macho akamtazama Yanina, hakutabasamu, hakukonyeza, alimtazama tu kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa mbali. Yanina akahisi masikio yanapata moto. Aliyachukia masikio yake. Mwaka mzima alikuwa anajua kijana huyu huvaa shati gani siku gani, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Walikutana barazani chuoni baada ya kipindi.

"Tuelewane mapema," Yanina akaanza. "Mimi nataka alama nzuri. Kazi iliyopita nilisimulia filamu mwanzo mpaka mwisho, mwalimu akaniandikia pembeni, 'Nami nina macho, nimeiona.' Nikirudia hilo siendi kufundisha kwa majaribio mwaka huu."

"Sawa. Unataka ipi?"

"Ya malkia. Yule aliyeozwa akiwa mtoto."

"Imeshachukuliwa. Wale ndugu wawili wa Caballero waliiwahi kabla mwalimu hajafunga mdomo."

"Ya Warumi, basi."

"Unajua nini kuhusu Warumi?"

"Wewe je, unajua nini?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana sikuitaja."

Yanina alitaka kununa, akashindwa. Kuna watu wanakuudhi kwa mdomo huku macho yao yanakuomba radhi, na Derlis alikuwa mmoja wao.

"Haya, taja yako," akasema.

Derlis akaangalia huku na huku. "*Farasi wa Kanali*."

"Umechoka kuishi."

"Nisikilize kwanza."

"Sikusikilizi. Baba atakushona midomo kwa uzi wa ngozi."

Filamu hiyo ilipigwa palepale nje ya mji, kwenye mto wa chini ya kilima, zamani, Don Eulogio akiwa kijana asiye na kitambi. Ilihusu vita vile vikubwa ambavyo kila mtoto wa Paraguay huvisikia kabla ya kujifunza kusoma. Babu yake Derlis, Don Saturnino mwoka mikate, alichaguliwa kuwa Kanali kwa sababu ya masharubu yake. Don Eulogio alipewa kuwa askari mwenye mstari mmoja wa kusema. Usiku wa maonyesho ya kwanza alivaa suti ya kuazima, akaketi mstari wa mbele na mchumba wake, na filamu ikaisha bila mstari wake kusikika. Ulikuwa umekatwa. Tangu siku hiyo aliamini kwamba ni Saturnino aliyemwomba mwongozaji aukate, kwa wivu.

"Wengine wote watasoma vitabuni," Derlis akasema. "Sisi tunaweza kwenda kumuuliza mtu aliyekuwepo. Babu yangu yuko hai. Baba yako yuko hai."

"Wewe ndiye hutakuwa hai."

"Nitakuja kwenu kesho. Nitamweleza kwa adabu."

Yanina akamtazama. Alijua jibu la busara ni hapana. "Uje baada ya chakula," akasema, "na useme jina lako ukiwa bado getini, ili ukikimbia uwe karibu na barabara."

Siku ya pili jua lilikuwa kali, mji umelala. Don Eulogio hakuwa analala mchana. Alikuwa kwenye kibanda chake uani, amekaa kwenye kigoda, akiivisha ngozi chupa ya maji ya barafu, kazi iliyomlea Yanina na kumsomesha. Mkononi alikuwa na kisu chembamba cha fundi. Derlis akasimama getini, nywele amezichana kwa maji.

"Ni mwenzangu wa darasani, baba," Yanina akasema. "Tuna kazi ya pamoja."

"Mtoto wa nani wewe?"

Derlis akakitazama kisu, kisha mkono ulioshika kisu. "Wa Ña Porfiria, mzee. Yule mshonaji."

"Porfiria wa karibu na uwanja? Mama mwema sana yule. Na ukoo wako?"

Yanina akangoja. Derlis akameza mate.

"Oviedo."

Kipande cha barafu alichokuwa anatia chupani kikamponyoka Yanina mkononi kikaangukia mguu wake.

"Oviedo," Don Eulogio akarudia kwa kuridhika. "Watu watulivu. Kaa, mwanangu. Yanina, mtilie tereré."

Ikawa balaa tamu. Yanina alikuwa anamimina maji baridi kwenye pembe ya ng'ombe yenye majani makavu, anampa mgeni anafyonza kwa mrija, anairudisha, anampa baba yake, na kila pembe ikizunguka Don Eulogio anazidi kumpenda kijana. Alimsifu anavyokaa. Alimsifu anavyosikiliza.

"Kijana kama huyu ndiye wa kukaa naye," akamwambia binti yake. "Siyo yule mbwa wa Ortellado. Nasikia naye yuko chuoni hapohapo."

"Yupo," Yanina akasema.

"Nasikia ana makengeza."

"Makengeza?" Derlis akauliza.

"Ukoo mzima. Babu yao alikuwa akitazama kamera, watu wanadhani anatazama ng'ombe. Wewe umewahi kumwona huyo mjukuu?"

"Kwenye kioo... kwenye kioo cha dirisha, mzee. Akipita."

"Wanasema sura yake si mbaya," Yanina akachomeka, bila kujua ulimi umetumwa na nani.

"Nani anasema?"

"Watu."

Derlis alikohoa mpaka mrija ukamtoka mdomoni. Habari ya filamu haikuguswa kabisa. Alipoaga, Don Eulogio alimshika bega akamwambia nyumba ni yake.

Yanina alimsindikiza hadi getini na pembe na chupa ya maji mkononi. Derlis alikuwa anacheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Umeona?" Derlis akasema. "Ananipenda."

"Anampenda Oviedo."

"Nitamwambia pole pole. Kesho, keshokutwa."

"Lini? Siku tukiandika majina yetu juu ya kazi? Au siku..." Akanyamaza. Kulikuwa na siku nyingine alizokuwa ameziwaza, na hakutaka kuzitaja. "Wewe ndiye ulisema unamwendea kwa adabu. Umekaa kwenye kiti chake ukamsikiliza anamwita mjukuu wa Saturnino mbwa, ukacheka."

"Nilikuwa naogopa, Yanina."

"Mimi nilikuwa naogopa pia. Lakini nilikuwa nimesimama upande wako, na nilipogeuka sikukuona. Nilimwona mtoto wa watu wengine."

Derlis akanyoosha mkono, akampokea pembe, akaifyonza hadi ikalia kavu, kama mtu anayetafuta muda. Akairudisha. Yanina akaijaza maji ya mwisho, akainywa mwenyewe palepale, kisha akasema, "Asante."

Kila Mparagwai anajua neno hilo. Ukishukuru kwenye tereré maana yake usitiliwe tena, basi, umetosheka. Derlis akaondoka na jua lote kichwani.

Jioni ile Yanina hakula. Mama yake, Ña Blásida, aliuliza kama ni tumbo. "Ni historia," Yanina akajibu. Ña Blásida akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huohuo, akamfunikia chakula chake.

Alhamisi mchana geti likagongwa.

"Oviedo," Don Eulogio akaita kutoka kibandani. "Ingia, mwanangu."

Derlis aliingia hatua moja tu. Leo hakuchana nywele. "Mimi si Oviedo, mzee. Jana nilikudanganya ndani ya nyumba yako. Naitwa Derlis Ortellado. Saturnino ni baba mzaa baba yangu."

Yanina alikuwa anaanika nguo. Alibaki ameshika shati la baba yake kwa mikono miwili, kifuani.

Don Eulogio aliweka chini chupa aliyokuwa anaishona. "Kwa nini ulidanganya?"

"Niliogopa kisu."

"Hiki?" Akakigeuzageuza, amekwazika kidogo. "Hiki hakikati hata siagi." Akamkazia macho. "Na hayo macho yako?"

"Yako sawa, mzee."

Don Eulogio aliyachunguza kwa muda, la kulia, la kushoto, akaonekana kama mtu aliyedhulumiwa. "Pale ulipoingilia ndipo pa kutokea."

"Nitatoka. Ila nina swali la darasani, na nisipokuuliza wewe sina wa kumuuliza. Ule mstari wako. Ulikuwa unasemaje?"

Yanina aliona mkono wa baba yake umesimama hewani. Mji mzima ulikuwa umemtania kwa mstari ule, sokoni, kanisani, hata kwenye mazishi ya shangazi yake. Walimwita Askari Bubu. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza ulisemaje. Hata yeye binti yake hakuwahi.

Don Eulogio akasimama. Akajifuta mikono kwenye aproni, akafunga kifungo cha shati cha juu, akaugeukia ukuta wa jikoni.

"Kanali," akanguruma, "daraja limekatika."

Kuku wakatawanyika. Ña Blásida akatokea mlangoni na mwiko.

"Basi ndiyo maana," Derlis akasema polepole. "Mzee, filamu nzima haieleweki bila maneno hayo. Kanali anakwenda darajani na watu wake, ghafla anavuta hatamu, anasema, 'Basi tutavuka kwa maji.' Hakuna aliyemwambia kitu. Mimi tangu utotoni najiuliza, amejuaje?"

"Amejuaje," Don Eulogio akarudia. "Miaka yote hii ndicho ninachouliza. Watu wanadhani alioteshwa. Amejua kwa sababu mimi nilimwambia." Kisha akakumbuka hasira yake. "Babu yako ndiye aliyenikata. Kwa wivu, kwa sababu nilisema vizuri kuliko yeye. Aje akane mbele ya macho yangu."

"Yuko nje, mzee. Kwenye gari."

"Kwenye jua hili?" Ña Blásida akauliza.

"Alisema nisipofukuzwa, nimwite."

Don Saturnino aliingia na mkongojo, shati jeupe limepigwa pasi, masharubu yamekuwa pamba. Yanina hakujua afanye nini, kwa hiyo akafanya alichofundishwa tangu utotoni kufanya mbele ya mzee yeyote: akakutanisha viganja akaomba baraka. Mzee akamwekea mkono kichwani, akasema, "Mungu akubariki, binti." Don Eulogio aliona. Akageuza uso, lakini akavuta kiti kizuri, kile chenye mto, akakisukuma kwa mguu kuelekea kwa mgeni.

Walikaa sebuleni. Derlis akachomeka filamu kwenye runinga. Don Eulogio alishika remoti kwa mikono yote miwili. Tangu usiku ule wa suti ya kuazima hakuwa ameitazama tena, na aliketi wima kama mtu aliyekaa kwa daktari.

Kipande kile kikafika. Kanali juu ya farasi, masharubu meusi. Vumbi. Kisha akatokea kijana mwembamba anakimbia, matope shavuni, anasimama, anafungua mdomo. Papo hapo picha ikaruka kwa Kanali: "Basi tutavuka kwa maji."

"Umeona?" Don Eulogio akasema. "Wamenikata na mdomo wazi. Kama samaki."

"Rudisha," Don Saturnino akasema. "Hapo. Isimamishe." Akaelekeza mkongojo kwenye runinga. "Mimi niko upande gani?"

"Kushoto kwangu."

"Na wewe unatazama wapi?"

Wote wakasogea. Askari kijana alikuwa ameugeuza uso wote kulia, mbali kabisa na Kanali, macho yameng'aa.

"Mtoni," Don Eulogio akasema.

"Mtoni kulikuwa na nini?"

Kutoka mlangoni pa jikoni Ña Blásida akasema, "Chipa."

Wakamgeukia.

"Nilikuwa nauza chipa, vile vimkate vya jibini," akasema, akipangusa mwiko uliokuwa mkavu. "Nilikuwa na kapu kichwani."

"Tulirudia kipande kile tangu asubuhi," Don Saturnino akasema. "Kila mara anakuja mbio, anasimama mbele yangu, na anamwambia huyu mwuza chipa kwamba daraja limekatika. Mwongozaji anapiga kelele, mtazame Kanali. Anasema ndiyo bwana. Anarudi, anamwambia mwuza chipa. Farasi wangu alichoka akalala chini nami nikiwa juu. Jua likatushinda. Mimi ndiye niliyekuombea upewe nafasi moja zaidi, Eulogio. Ukapewa. Ukamwambia mwuza chipa."

Don Eulogio akamtazama mkewe. "Ulijua?"

"Si ulikuwa unaniambia mimi?"

"Na miaka yote hii umeniacha nanuna?"

"Ulikuwa unaipenda hasira yako," Ña Blásida akasema. "Na mimi nilikuwa naipenda sababu yake."

Don Eulogio akabonyeza remoti, picha ikarudi nyuma. Kijana akakimbia, akasimama, akatazama mtoni, akafungua mdomo. Akairudisha tena. Na tena. Shingo yake ikawa nyekundu kama ya mvulana.

"Nilikuwa na nywele," akasema mwishowe.

"Zilikuwa nzuri," Don Saturnino akakubali. "Tulikuwa tunazisema."

"Mikate yako ya asubuhi. Ile yenye ngozi ngumu. Bado unaipika?"

"Kila siku. Niliamini unaisikia harufu."

"Naisikia."

Ña Blásida alimwashiria Yanina kwa kidevu. "Barafu imekwisha. Nenda jikoni. Na huyu mgeni akusaidie kubeba."

Jikoni palikuwa pamebanana, na barafu ilikuwa imeganda kwenye bakuli moja lisilohitaji watu wawili. Walisimama kila mmoja upande wake wa meza.

"Nimesema jina langu," Derlis akasema.

"Nimelisikia."

"Bado umetosheka?"

Yanina akachukua pembe iliyokuwa juu ya meza, akaitia majani mapya, akamimina maji. Hakunywa. Akamsukumia. Derlis akafyonza, macho yakiwa juu ya macho yake, na safari hii Yanina aliyaacha masikio yapate moto yanavyotaka.

"Kuna kitu kingine," Derlis akasema kwa sauti ya chini. "Si cha darasani."

"Sema."

Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaweka pembe, akaiinua, akaiweka tena. Sebuleni wazee walikuwa wamenyamaza.

"Sema tu, kijana," sauti ya Don Eulogio ikaja kupitia ukutani. "Barafu inayeyuka."

"Nipe hiyo remoti," wakamsikia Ña Blásida.

Papo hapo vita vikaanza. Sauti ya runinga ilipanda mpaka mwisho, mizinga ikalipuka, farasi wakalia, vikombe vya kabatini vikagongana. Derlis akazunguka meza. Akainama hadi pumzi yake ikamgusa Yanina shingoni, akasema sikioni alichokuja kusema, chote, bila kumung'unya, huku jeshi la Kanali likivuka mto. Yanina alisikia kila neno. Machozi na kicheko vilimjia pamoja, akavuta pumzi ili jibu lake lishinde mizinga.

Mizinga ikanyamaza. Kipande kilikuwa kimekwisha.

"Ndiyo," Yanina akapaza sauti katikati ya ukimya, na neno hilo likaenda sebuleni, likatoka uani, likawafikia kuku.

Kisha Don Eulogio akauliza, "Ndiyo nini?"

"Ndiyo filamu, Eulogio," Ña Blásida akasema. "Wameshaichagua. Tazama mbele."